Maua Manane ya Kwenye Tenki

Jumanne, 1 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshamwagilia. Maua 27, lita mbili kila moja, lita 54. Nimehesabu vikopo, sikukisia.

Namba 1 mpaka 8 hayako sawa. Wiki iliyopita nilidhani ni vumbi la barabara. Leo nimelowesha kitambaa, nimefuta jani moja moja. Si vumbi. Majani mapya yametoka kijani. Kijani kabisa, kama mchicha. Na yale ya zamani, yaliyokuwa meusi kama bilinganya, yamepauka. Namba 9 mpaka 27, kuelekea getini, meusi tii.

Sielewi. Yote yametoka kwenye kijiti kimoja. Nilikikata mwenyewe kwenye bustani ya ofisi moja kule Ukonga, enzi hizo nauza vitumbua, mlinzi akageuza uso kwa vitumbua viwili. Kijiti chenye vifundo vinne. Kikawa ua moja, yakawa manne, yakawa 27. Hakuna la mama mwingine pale. Jina lake mpaka leo silijui. Mie naliitaga jani jeusi, basi.

La kuudhi ni kwamba haya manane ndiyo ninayoyadekeza. Yako karibu na tenki, yanapata maji kwanza. Samadi nayawekea ndoo nzima, mengine nusu. Wadudu weupe kama pamba nayatoa kwa kidole. Na tangu fundi amalize mnara wa tenki mwezi wa nane na kuezeka paa la kufulia pembeni yake, bati limepita juu ya haya manane mpaka kwenye senyenge ya jirani. Jua la Bunju haliyagusi. Yale ya getini yanaungua kwenye mchanga na hayana neno. Haya yenye kila kitu ndiyo yanaharibika.

Kuna mkono wa mtu hapa.


Alhamisi, 3 Novemba

Nimepima. Bomba la maji machafu la jikoni kwa Mama Eliya linamwaga hatua tatu kutoka senyenge. Mkabala na namba 5. Namba 5 ni katikati kabisa ya maua yaliyoharibika. Sijasoma sana lakini hesabu hiyo haihitaji chuo.

Mama Eliya ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, mjane, Mchaga wa Moshi. Kanipita miaka kumi na moja. Miaka sita tumekaa ubavu kwa ubavu, katikati yetu senyenge na maua yangu. Sijawahi kugombana naye. Ndiyo maana inaniuma. Ningekuwa nimemkosea ningesema analipiza. Sijamkosea.

Nimenusa udongo chini ya namba 5. Unanuka udongo. Labda sabuni hainuki ikishakauka.

Nimemwita fundi, kaongeza bati mbili kwenye paa la kufulia. Zilikuwa sita, sasa nane. Nataka nikae pale na kiti changu mchana kutwa nione nani anamwaga nini, nisiungue. Fundi akauliza kama nafungua mgahawa.


Jumapili, 6 Novemba

Jambo la ajabu. Naliandika kama lilivyokuwa.

Saa saba na nusu nimekaa lindoni. Mama Eliya akaja getini akiwa na kitenge chake cha kanisani. Sikumwamkia. Nilisema karibu tu. Akapita mpaka nilipo. Mkononi ana jani. Jani moja refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Akanipa kwa mikono miwili.

Nikapokea. Nikasema asante. Ungesema nini? Akabaki amesimama ananiangalia kama mtu anayesubiri chenji. Mie sikuwa na chenji. Zikapita kama dakika mbili. Akasema, "Haya mama," akaondoka taratibu.

Jani lina sentimita 40. Halina harufu. Halina karatasi ndani ya fundo, nimelifungua nikaangalia, nikalifunga tena, halijarudi kama alivyolifunga.

Kwa nini jani la kijani? Kwa nini sasa hivi, wakati maua yangu yanageuka kijani? Ananicheka? Nimempigia Zuhura, mwanangu, yuko Dodoma. Kasema nilitupe mbali na nyumba, sijui lina nini. Mie mambo hayo siyaamini. Ila nimelitoa sebuleni nikaliweka barazani, kwenye chupa ya soda yenye maji.


Jumatatu, 7 Novemba

Nimepata jibu. Au nusu yake.

Nimeenda dukani kwa Mangi kununua sabuni ya unga. Mangi wetu ni Mchaga wa Rombo kweli, si Mangi wa jina. Nikamwelezea jani, sikumtaja mtu. Akaacha kupima sukari.

Kasema hilo ni sale. Kwao wamepanda miti yake kila mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mtu akikukosea, analifunga fundo, anakuletea. Hana haja ya kusema kitu. "Kwetu sale halikataliwi, mama. Hata kama amekuulia mtu wako, akija na sale unakaa naye chini." Akauliza nani kaniletea. Nikasema nimesikia tu kwenye redio.

Nimerudi nyumbani nikipiga hesabu. Kwa hiyo Mama Eliya ameomba msamaha. Kwa hiyo ana kosa. Mtu haombi msamaha wa bure, kama vile huendi kulipa duka ambalo hukukopa. Kosa gani? Kuna kosa moja tu linaloonekana pale kwenye senyenge, na lina maua manane.

Ningefurahi kujua. Sijafurahi. Nina hasira, na hasira yenyewe imekaa vibaya, kama kiatu cha mguu mwingine.

Kama anajua kakosa, si aseme kwa mdomo? Na bomba mbona bado linamwaga? Leo saa nane limemwaga mara tatu, nimehesabu.


Jumamosi, 12 Novemba

Nimempeleka Mama Eliya kwa mjumbe.

Sitaki kujitetea hapa, hakuna anayesoma. Mie sikubebwa na mtu. Miaka 19 nimeamka saa tisa kukaanga. Nyumba hii nimeinyanyua tofali 3,200, na 600 nimefyatua kwa mikono hii. Nikinyamaza kwenye maua, kesho watachukua kiwanja.

Tulikaa barazani kwa Mzee Omari, mjumbe wetu. Watu 11, wengi walikuja kusikiliza tu. Nikaeleza. Namba, tarehe, hatua za bomba. Nikaweka mezani jani jeusi la namba 20 na jani la kijani la namba 5. Watu wakaguna. Kisha nikalitoa lile sale kwenye chupa, nikaliweka katikati. Nikasema huu hapa ushahidi, ameniletea mwenyewe kuomba msamaha, muulizeni wa nini.

Mama Eliya aliliangalia lile jani muda mrefu. Mie nilimwangalia yeye. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu aliyevuliwa kilemba mbele za watu. Mzee Omari akamuuliza mara mbili. Akasema, "Kama ndivyo alivyoelewa, mimi sina la kuongeza."

Mjumbe kaamua bomba lihamishwe. Akakubali palepale. Hakubishana hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nina majibu saba, nimerudi nayo yote.

Nimeshinda. Sijui kwa nini najisikia kama nimepoteza kitu na sikumbuki nilikiweka wapi.

Sale nimelitupa jalalani. Lilishaanza kunyauka.


Jumapili, 13 Novemba

Fundi yuko kwa Mama Eliya tangu saa mbili. Kachimba shimo upande wa pili kabisa wa nyumba, kahamisha bomba. Siku moja tu. Jumapili, Mama Eliya hakwenda hata kanisani.

Nimemwaga lita 40 za maji safi kuosha udongo wa namba 1 mpaka 8. Nimepogoa majani yote ya kijani ili yaanze upya. Nimekata ncha zote nane.

Sasa tusubiri.


Jumatano, 16 Novemba

Nimekutana na Mama Eliya kwenye njia ya dukani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kutaka kusema shikamoo, nikaufunga. Akapita. Kavaa zile kandambili zake za bluu.

Maji ya bomba hayajatoka siku tano. Tenki lina robo tatu. Zamani, kabla ya tenki, ningekuwa na ndoo zangu mbili kwenye kisima cha Mama Eliya. Sasa sihitaji mtu.


Jumapili, 27 Novemba

Siku 14 tangu bomba lihamishwe. Vichipukizi vimetoka kwenye yote manane. Vichipukizi 31.

Vyote kijani.

Na si hivyo tu. Namba 9 na namba 10, ambayo hayakuwa na shida, majani mapya yametoka kijani. Yalikuwa manane, sasa ni kumi. Hakuna maji machafu, hakuna sabuni, senyenge haijaguswa, nimekaa pale chini ya bati kila siku mpaka mgongo unauma. Sijamwona mtu hata mmoja. Kuku wawili tu.

Sielewi. Sielewi kabisa. Kama ni sabuni, imeisha. Kama si sabuni, Mama Eliya aliomba msamaha wa nini?

Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma mara nne.


Jumatano, 30 Novemba

Kwenye barabara ya Bagamoyo kuna kitalu cha maua cha Mzee Salumu. Jana nilimpelekea majani mawili kwenye bahasha, nikamwambia moja limewekewa sumu. Kayageuza. Kasema yote mazima. Nikamwambia aje aone. Leo kaja.

Nilidhani atachimba udongo. Hakuinama hata. Alisimama kwenye namba 3, akatazama juu. Akauliza, "Nani ameziba jua hapa?"

Nikasema mie. Nikamweleza kwamba nimeyawekea kivuli yapumzike. Nilisema kwa kujisifu kidogo, nakumbuka.

Mzee Salumu ni mtu mpole. Alinieleza kama unavyomweleza mgonjwa. Weusi wa ua hili ni kazi ya jua. Likichomwa na jua tangu asubuhi, linakuwa jeusi. Likinyimwa, linatafuta mwanga kwa nguvu zote, na ili liupate linageuka kijani. Si ugonjwa. Si sumu. Akaniuliza bati ziliwekwa lini. Sita mwezi wa nane, mbili tarehe 3. Akahesabu bati kwa kidole, akahesabu maua chini yake kwa kidole. Bati sita, maua manane. Bati mbili, maua mawili. Alijua naweza kujumlisha.

Hakutaka hela ya nauli. Kakata vijiti vitatu vya namba 22, kaondoka.

Mie niliyehesabu vikopo, hatua, vichipukizi, mara bomba linavyomwaga. Nimekaa kwenye kile kivuli siku 27 nikimtafuta mwizi, na nilikuwa nimekaa chini yake.

Najiona mjinga. Mjinga mwenye bati nane.


Ijumaa, 2 Desemba

Nimezunguka siku mbili na sentensi moja mdomoni, sijui nimwambieje. Leo nimeenda kwa Mangi, nikamwambia yote, na jina. Alimsahau mteja mpaka akalalamika.

Kisha kasema hakujua kwamba jani alilonielezea nilikuwa nimeletewa mie. Angejua angefunga duka anifuate. Kulipokea sale halafu kulipeleka mbele ya watu kama ushahidi, hajawahi kusikia. Kwao hata hakuna adhabu yake kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya.

Nikasema mie Mzaramo, kwetu jani ni jani. Akasema anajua. Ndiyo maana hakasiriki sana.

Halafu akaniambia lingine, kwa namna ya mtu anayedhani ninalijua. Mama Eliya anarudi Moshi. Haendi kusalimia kama kila Desemba. Anahama. Nyumbani anabaki mwanawe Eliya na mkewe. Basi ni kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kashaaga watu wa jumuiya, kashaaga mpaka muuza samaki.

Mie hakuniaga. Au aliniaga tarehe 6 na jani, sikuelewa.

Nimemwomba Mangi sale. Analo nyuma ya duka kwenye kopo la mafuta ya kula. Kakata jani, kalifunga yeye. Mikono yangu haikujua. Nikamuuliza kama mtu asiye wa kwao anaruhusiwa. Kasema hajui, nipeleke tu.


Jumamosi, 3 Desemba

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwake. Mlango wazi, mizigo minne sebuleni, gunia moja, beseni. Alikuwa amekaa juu ya gunia anafunga viatu.

Nikasema shikamoo. Ya kwanza tangu sijui lini. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikampa jani kwa mikono miwili na nikasimama. Safari hii mie ndiye niliyesubiri, na nikajua ni muda mrefu kiasi gani, zile dakika mbili.

Akaligeuza. Akasema, "Hili fundo la Mangi. Anafunga kama anafunga mfuko wa dagaa." Nikacheka, machozi yakatoka kwa pamoja, aibu tupu.

Nikamwambia kuhusu bati. Akasema anajua. Kumbe alijua tangu mwezi wa tisa, aliona majani yanabadilika akadhani ndivyo ninavyotaka. Nikamuuliza basi mbona hukusema kwa mjumbe? Na kama hukunikosea, sale la nini?

Nimejaribu kuandika alivyosema, neno kwa neno.

"Miaka sita ulikuwa unakuja na ndoo mbili asubuhi. Unaniamkia, unachota, unanisengenyea mtaa mzima, unaondoka. Ukajenga tenki, hukuja tena. Siku sabini na nane. Nikajiuliza nimemkosea nini Mama Zuhura. Nikatafuta, sikuona. Sasa naondoka, nikasema nitaomba msamaha wa hicho nisichokijua. Ningewaambia nini watu kumi na moja pale kwa mjumbe? Kwamba nina hamu ya ndoo zako?"

Majibu yangu saba nilikuwa nimeyaandaa kwa swali lingine.

Eliya akaingia kuchukua gunia. Mama Eliya akasimama, akalichomeka sale kwenye mkoba wake. Akasema nimkatie vijiti viwili akapande Moshi, na akasema hataki vya getini. Anataka vya kwenye tenki, vilivyogombaniwa. Nikakimbia. Namba 4, vijiti viwili, vifundo vinne kila kimoja. Nikavifunga gazeti bichi, nikaviweka kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo.

Alishika mkono wangu akiwa tayari ndani ya gari la kumpeleka stendi. Akasema, "Baki salama, mama." Basi.

Nimerudi nikafungua daftari hili nyuma. Fundi alimaliza tenki tarehe 20 Agosti. Mpaka tarehe 6 Novemba ni siku 78. Kamili. Kumbe na yeye alikuwa anahesabu. Tulikuwa wawili tunahesabu, kila mtu upande wake wa senyenge.

Mie nilidhani namwondolea usumbufu. Ndoo mbili kila asubuhi kwa mtu, miaka sita. Nilidhani atapumua.


Jumapili, 4 Desemba

Nimekwenda kwa Mzee Omari baada ya swala ya adhuhuri. Nimewaomba radhi yeye na wale wa siku ile niliowakuta. Walikuwa watano. Sita wamebaki, nitawatafuta mmoja mmoja.

Bati zote nane zimeshuka. Fundi kauliza mgahawa umefungwa? Nikasema umefungwa.


Jumapili, 18 Desemba

Jua kali. Maua kumi yaliungua kwanza, majani yaliyozoea kivuli yakakauka kingo yakaanguka. Nilidhani nimeyaua. Mzee Salumu kasema niache. Nimeacha.

Leo namba 4 lina jani jipya. Dogo, kama ukucha. Limetoka na wekundu mzito, na nchani limeanza kuwa jeusi.

Mama Eliya katuma picha kwenye simu. Kijiti kimoja kimekufa. Kingine kimechipua majani mawili, kijani. Nimekuza picha: kakipanda chini ya mgomba. Nikamwandikia akitoe kivulini haraka. Kajibu kwamba jua la huko kali, amekiacha kipumzike. Nimeshindwa kujua kama ananitania.

Nimewapata wanne kati ya wale sita.

Lile jambo bado sijalielewa. Nimelipiga hesabu kila upande. Kuomba msamaha wa kosa ambalo hulijui, kwa mtu ambaye ndiye aliyekukosea. Halijumlishiki. Nikilifikia mwisho narudi mwanzo. Nimeliacha hapo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimevuka kwenda upande wa pili wa senyenge. Mke wa Eliya alikuwa anafagia. Akaniamkia, akaangalia ndoo mikononi mwangu, akauliza kama tenki limevuja. Nikamwambia halijavuja. Maji yametoka jana, limejaa mpaka juu.

Nimechota ndoo mbili. Tumekaa kidogo.